Daraja Lililobebwa Mikononi: Kyaka na Mto Kagera

Historia ya usharika wa Kilutheri katika Karagwe na Kyerwa haitenganishwi na Mto Kagera. Maji yake hutoka Burundi na Rwanda, huelekea kaskazini yakiwa mpaka wa Tanzania na Rwanda, kisha hugeuka mashariki kulitafuta Ziwa Viktoria. Huko Murongo, wilayani Kyerwa, mtu akisimama ukingoni huiona Kikagati ya Uganda ng'ambo. Kutoka upande huo wa Uganda ndiko Injili ya Kiprotestanti ilikoanza kufika kwa Wahaya, hata kabla wamisionari wa Betheli hawajaingia Bukoba mwaka 1910. Mto huo, basi, ulijulikana kwanza kuwa njia, ndipo ukafanywa mpaka.

Daraja lililojaribiwa kuliko yote ni la Kyaka, katika barabara ya Bukoba kwenda Mutukula. Wakoloni walichora mpaka wa sehemu hiyo kwa kufuata nyuzi 1 kusini mwa ikweta, wakaacha ukanda wa nchi ya Tanzania kaskazini mwa mto. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliuvamia ukanda huo, na punde serikali yake ikatangaza kwamba mpaka mpya ni Mto Kagera. Ndege za Uganda zilijaribu kulibomoa daraja zikashindwa. Tarehe 3 Novemba likalipuliwa kwa baruti. Kwa mvamizi, daraja lililovunjika lilikuwa ngome. Kwa raia waliokuwa bado kaskazini, lilikuwa mlango uliofungwa. Maelfu walikimbilia kusini wakiacha nyumba na mifugo, na wengi waliuawa.

Jeshi la Wananchi lilikuwa na mizinga na magari mazito upande wa kusini, lakini vyombo hivyo havikuweza kupita majini. Ilihitajika njia inayoweza kuletwa pale kwa vipande. Madaraja ya namna hiyo, maarufu kati yake likiwa lile lililobuniwa na Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita Kuu ya Pili, yana siri moja: udogo wa viungo vyake. Fremu moja ya chuma ina urefu wa mita 3 hivi na uzito wa kilo 260 hivi, nao watu 6 waweza kuibeba kwa mikono bila winchi. Fremu hufungwa kwa pini ukingoni, kisha daraja zima husukumwa juu ya roli, likitanguliwa na pua nyepesi, hata liguse ng'ambo. Kazi ikiisha, hufunguliwa likapelekwa kwenye mto mwingine.

Katika mwezi huohuo wa Novemba wanajeshi wa Tanzania walivuka Kagera kwa daraja la muda. Mwezi Januari 1979 Mutukula ilitwaliwa, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Waliofukuzwa makwao wakapata njia ya kurudi, ingawa wengi walikuta magofu.

Mwaka huohuo wa 1979 Dayosisi ya Karagwe ilianza, makao yake yakiwa Lukajange. Kanisa hilo changa lilizaliwa miongoni mwa watu waliokuwa na sababu ya kumchukia kila atokaye ng'ambo. Lakini lilijua pia kwamba utawala uleule ulikuwa umemuua Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Uganda, mwezi Februari 1977. Jirani wa ng'ambo naye alikuwa amefiwa. Ujuzi huo ulikuwa na uzito wake, kwa kuwa chuma kiliweza kuunganisha kingo mbili kwa siku chache, bali mioyo haisukumwi juu ya roli.

Kyaka inawafundisha warithi wa historia hii jambo moja. Daraja halichagui kinachopita juu yake: hupitisha mizinga, hupitisha pia mama na mtoto mgongoni. Wanaochagua ni watu wa kingo zote mbili. Tena hakuna fremu inayobebwa na mmoja. Akilegea mmoja kati ya wale sita, uzito huwaangukia watano.