Ugumu wa Siku za Kwanza za Kunyonyesha na Namna ya Kuushinda

Kunyonyesha ni tendo la maumbile, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba halihitaji kufundishwa. Mama aliyejifungua mara ya kwanza huugundua ukweli usiku wa pili au wa tatu: mtoto analia, matiti yamekuwa magumu kama mawe, chuchu zinauma, na kila anayeingia chumbani ana ushauri wake. Mama wa namna hiyo akiacha kunyonyesha si kwa kukosa upendo. Ameshindwa na maumivu, na hofu kwamba mtoto anakufa njaa.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF hushauri mtoto awekwe titini ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi atimize miaka 2 au zaidi. Maziwa pekee maana yake ni hayo tu: si maji, si uji mwepesi, si maji ya sukari, wala dawa ya chango ya kienyeji. Dawa zilizoandikwa na mganga wa hospitali ndizo zisizohesabiwa.

Maziwa ya siku za kwanza huitwa dang'a. Ni mazito, yana rangi ya njano, na ni machache. Mahali pengine bado hukamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa kuwa ni machafu au yamelala titini muda mrefu. Hasara yake ni kubwa, kwani dang'a imejaa kinga dhidi ya maradhi na humsaidia mtoto kutoa choo cheusi cha kwanza. Uchache wake nao usimtie mama wasiwasi. Tumbo la mtoto wa siku moja hutosheka na kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa mnyonyo mmoja, na maziwa mengi huanza kushuka kati ya siku ya pili na ya nne.

Chanzo cha matatizo mengi ni namna mtoto anavyolishika titi. Mtoto hapaswi kunyonya chuchu, hunyonya titi. Mama aketi akiwa ameegemea vizuri, amlete mtoto kwenye titi badala ya yeye kumwinamia mtoto. Kichwa na mwili wa mtoto viwe katika mstari mmoja, tumbo lake likigusa tumbo la mama, na pua yake ikielekea chuchu. Chuchu iguse mdomo wa juu wa mtoto, na mama asubiri hadi afumbue kinywa wazi kama anayepiga miayo. Hapo ndipo amsogeze upesi. Akishika vema, kidevu hugusa titi, mdomo wa chini hupinduka nje, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu huwa kinywani mwake. Mama husikia kuvutwa, lakini si maumivu ya kukatwa. Maumivu yakiendelea baada ya mafyonzo machache ya kwanza, asivumilie kwa kukaza meno. Aingize kidole kidogo kilicho safi pembeni mwa kinywa cha mtoto, amwachishe taratibu, na kuanza upya, hata mara tano.

Chuchu zilizopasuka hupona zenyewe mkao ukisharekebishwa. Tone la maziwa ya mama likipakwa na kuachwa likauke husaidia. Sabuni ya kila mara huzikausha na kuzidisha mipasuko. Maumivu yasiyokoma, pamoja na utando mweupe usiofutika kinywani mwa mtoto, huweza kuwa dalili ya fangasi, na hapo mama na mtoto hutibiwa pamoja. Wakati mwingine ukano ulio chini ya ulimi wa mtoto ni mfupi mno, hali ambayo wengi huiita udata. Mkunga auangalie, si kazi ya wembe wa nyumbani.

Malalamiko yanayosikika kuliko yote ni kwamba maziwa hayatoshi. Mara nyingi yanatosha. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na kuna jioni ambazo hudai titi kila baada ya nusu saa. Bibi au mama mkwe, kwa nia njema kabisa, huona kilio hicho na kuagiza chupa. Lakini titi hutengeneza maziwa kadiri linavyotolewa maziwa. Kila chupa inayochukua nafasi ya mnyonyo mmoja huuambia mwili upunguze, na baada ya wiki chache maziwa huwa hayatoshi kweli. Minyonyo ya usiku ina uzito wa pekee, kwa maana homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Mtori wa Kilimanjaro na uji wa pilipili manga wa pwani ni chakula chema kwa mzazi, na anayempikia anamsaidia sana; ila kinacholeta maziwa ni kinywa cha mtoto.

Kipimo cha kuaminika si kilio bali ni nepi na mizani. Kuanzia siku ya tano, mtoto anayeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo ukiwa mweupe, na choo chake huwa laini cha njano. Kupungua uzito siku za kwanza, hata kwa asilimia 7, ni kawaida. Wengi huurudia uzito wa kuzaliwa ifikapo wiki ya pili.

Matiti yanapojaa kupita kiasi, weusi wa titi hukaza na mtoto hushindwa kushika. Mama akamue kidogo kwa mkono ili pawe laini, kisha amnyonyeshe. Baada ya hapo kitambaa cha maji baridi hupunguza uvimbe. Likitokea eneo jekundu, la moto, lenye maumivu, pamoja na homa, aendelee kunyonyesha, kwani maziwa hayo hayamdhuru mtoto. Apumzike, na asilikande titi kwa nguvu. Hali isipotulia ndani ya saa 24 aende zahanati, maana uvimbe ukiachwa huweza kuwa jipu.

Liko jambo moja linalosemwa kwa kunong'ona, nalo ni kubemenda. Wako wanaoamini kwamba wazazi wakirudiana kabla mtoto hajaacha ziwa, maziwa huharibika na mtoto hudhoofu. Tendo la ndoa haliyafikii maziwa kwa njia yoyote. Mtoto anayedhoofu ana maradhi au hapati chakula cha kutosha, naye apelekwe hospitali. Kumwachisha ziwa kwa hofu hiyo kunamwondolea chakula bora alichokuwa nacho. Hali kadhalika ugomvi na huzuni havichachushi maziwa, ingawa vinaweza kuchelewesha kutoka kwake kwa muda.

Mama anayeishi na VVU anyonyeshe pia, akitumia dawa zake kila siku bila kukosa na mtoto akipewa dawa ya kinga kama kliniki ilivyoelekeza.

Kwa wanaorudi kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na kumruhusu mama hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Wengi hawaidai haki hiyo kwa kutoijua. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 katika chumba chenye joto lisilozidi nyuzi 25. Dar es Salaam wakati wa kaskazi chumba hicho ni adimu, basi jokofu ni salama zaidi, nalo huyahifadhi hadi siku 4. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo kilicho safi.

Wako pia wanaoona haya kunyonyesha kanisani. Januari 2014, akibatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina, Papa Fransisko aliwaambia akina mama wawanyonyeshe watoto wao wakiwa na njaa, papo hapo.

Mtoto anayelala mno na kukataa titi, aliye na homa, mwenye macho ya njano yanayozidi, au asiyekojoa kwa saa 8, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mama ambaye huzuni yake imepita wiki mbili, asiyepata usingizi hata mtoto anapolala, au anayewaza kujidhuru. Huyo asiachwe peke yake chumbani, na mumewe amsindikize.