Walimu wa Kiswahili katika Mji wa Berlin, 1889–1905

Katika mwaka wa 1887 Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa mjini Berlin, chini ya Chuo Kikuu cha mji huo, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizofundishwa humo tangu mwanzo. Sababu yake haikuwa siri. Miaka miwili kabla ya hapo Ujerumani ilikuwa imeanza kudai nchi za bara zinazokabili Unguja, na watu waliotazamiwa kwenda kutawala, kufanya biashara au kuhubiri dini huko walihitaji lugha ya wenyeji. Mkuu wa Seminari alikuwa Eduard Sachau, na somo la Kiswahili lilikabidhiwa C. G. Büttner, mchungaji aliyepata kutumika katika Afrika ya Kusini Magharibi.

Sarufi iliweza kusomwa vitabuni. Kitabu cha Edward Steere kilikuwa kimekwisha chapwa tangu 1870, na kamusi ya Krapf tangu 1882. Lakini matamshi, salamu, mazungumzo na barua zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu hazikupatikana ila kwa mwenye lugha. Kwa hiyo iliwekwa kazi ya mwalimu msaidizi. Mtu mmoja wa pwani aliitwa Berlin, akafundisha kwa muda wa mapatano, kisha akarudi kwao na mwingine akashika nafasi yake. Katika hesabu ya Seminari jambo hilo lilikuwa jepesi: lugha iliazimwa kwa vipindi kadhaa vya baridi na vya kiangazi, kisha mwenyewe akarudishwa. Historia ya walimu hao yaonyesha kuwa hesabu hiyo ilikuwa na kasoro, kwa maana ulimi hausafiri peke yake.

Wa kwanza alikuwa Sleman bin Said, mtu wa Unguja, aliyefundisha tangu 1889 hata 1891. Wakati wa kwenda kwake haukuwa wa amani. Tangu 1888 watu wa Mrima walikuwa wamesimama na Abushiri kuwapinga Wajerumani, na Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Hivyo bunduki na darasa vilianza kazi karibu wakati mmoja, na lugha iliyofundishwa Berlin ilikuwa ndiyo lugha ya watu waliokuwa wakipigwa mizinga pwani. Mwalimu alikuwa peke yake kati ya watu wa taifa lililokuwa likipigana na jirani zake. Safari yenyewe ilikuwa ya majuma mengi: kupita Aden, Bahari ya Sham na mfereji wa Suez, kisha bahari ya Ulaya. Tangu 1890 kampuni ya meli ya Kijerumani ilipoanza kwenda na kurudi kati ya Hamburg na Afrika ya Mashariki njia ilikuwa nyepesi zaidi, lakini umbali wa mtu na nduguze haukupungua.

Mahali pa mwalimu darasani palikuwa na utata. Wanafunzi wake hawakuwa watoto. Walikuwa maofisa wa jeshi, makarani wa serikali, wafanyaji biashara na wamisionari. Mwalimu Mjerumani alieleza kanuni, na mwalimu msaidizi alisoma, akatamka, akasahihisha. Mtu aliyekuwa akijitayarisha kuamuru pwani alilazimika kwanza kuketi mbele ya mtu wa pwani na kuambiwa kuwa amekosea. Katika mila za Waswahili hali hiyo ina adabu yake: mwalimu ni mwalimu, na ajifunzaye humwinamia hata kama amemzidi mali au ukoo. Katika mila za dola lililokuwa likitafuta makoloni, jambo hilo lilikuwa gumu kukubalika.

Aliyemfuata Sleman ni Amur bin Nasur, naye pia wa Unguja, aliyekaa tangu 1891 hata 1895. Katika wakati wake yalionekana matunda ambayo huenda Seminari haikuyatazamia. Walimu walipotakiwa kuandika habari ili wanafunzi wapate masomo ya kusoma, waliandika habari zao wenyewe. Amur aliandika maisha yake, safari yake, na mambo aliyoyaona Berlin. Büttner alikufa 1893, na mwaka uliofuata mkusanyo wake mkubwa wa maandishi ya Kiswahili ulichapwa, na ndani yake mna kazi ya Amur. Watu wa Ulaya walikuwa wamezoea kuandika habari za Waafrika. Hapa Mswahili ameitazama Ulaya kwa macho yake na kuieleza kwa lugha yake, bila kuomba ruhusa ya kustaajabu wala ya kutostaajabu. Nathari ya Kiswahili ya habari za safari ina mmoja wa mizizi yake katika darasa hilo la ugenini.

Mwalimu ambaye jina lake limedumu kuliko wote ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa yapata mwaka 1869 huko Dunda, karibu na Bagamoyo, akasoma elimu ya dini, kisha akapata kutumika katika kazi ya kukusanya kodi ya serikali ya Wajerumani. Alifika Berlin mwaka 1900. Somo la Kiswahili sasa lilikuwa mikononi mwa Carl Velten, aliyekuwa zamani mkalimani wa serikali huko Dar es Salaam. Kwa kazi ya watu hao wawili na wenzao vilitokea vitabu viwili vikuu: Safari za Wasuaheli, 1901, ambamo Mtoro ameeleza safari yake ya Udoe mpaka Uzigua, na Desturi za Wasuaheli, 1903, kitabu kinacholeta kwa utaratibu habari za uzazi, malezi, chuo, ndoa, ngoma, maradhi, mazishi na sheria. Jina lililotangulia katika vitabu hivyo lilikuwa la Velten. Sauti iliyo ndani ya Desturi kwa sehemu kubwa ni ya Mtoro.

Ni jambo la kufikiriwa kwamba kitabu kinachoeleza jinsi mtoto anavyotiwa chuoni na kukabidhiwa kwa mwalimu wake kilitoka mikononi mwa mtu ambaye mwenyewe alinyimwa heshima ya mwalimu. Baadhi ya wanafunzi wake wa Berlin walikataa kumwona Mwafrika kuwa ni mkubwa wao hata kwa saa moja ya somo. Mtoro hakunyamaza. Alilalamika na kudai adabu inayompasa afundishaye. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na uadui ukazidi. Mtu aliyeitwa kwa ajili ya ulimi wake alikuwa amejionyesha kuwa mtu kamili, mwenye hasira, hadhi na nyumba. Mwaka 1905 kazi yake katika Seminari ilikwisha.

Wenye busara wa pwani husema kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtoro hakupewa marejeo hayo. Mwaka huo huo wa 1905 alisafiri na mkewe kurudi kwao, na walipofika pwani watawala hawakuwaruhusu kushuka na kukaa kama mume na mke. Kosa lao lilikuwa ndoa yao. Mwaka uliofuata serikali ya koloni ilikataza ndoa za namna hiyo kuandikishwa. Nchi aliyozaliwa, ambayo desturi zake alikuwa amezieleza kwa ulimwengu katika kitabu kizima, ilifungiwa mlango mbele yake na wageni walioisoma katika maneno yake. Mtoro na mkewe wakarudi Ujerumani kwa njia ile ile ya bahari.

Tangu 1909 alifanya kazi Hamburg pamoja na Carl Meinhof, katika Taasisi ya Kikoloni iliyoanzishwa 1908, na kwa miaka michache sauti yake ilisaidia elimu ya lugha za Kibantu. Baadaye alipata riziki kwa kutoa hotuba juu ya Afrika katika miji mbalimbali. Alikufa Berlin mwaka 1927. Kazi aliyoijia kwa muda wa mapatano ilimzuia ugenini maisha yake yote yaliyosalia.

Haistahili kusema kuwa walimu hawa walikuwa vyombo tu vya ukoloni, wala haistahili kusema kuwa hawakuutumikia. Waliwafundisha watu waliokwenda kutawala, na baadhi ya maneno ya amri yaliyosikika pwani na bara yalinyoshwa kwanza na ndimi zao. Lakini walipotakiwa kutoa sauti na matamshi, walitoa pia fikira. Seminari ilihitaji mifano ya sentensi, ikapewa fasihi. Iliomba habari za desturi ili watawala wajue jinsi ya kutawala, na wajukuu wa waliotawaliwa wakapata ushahidi wa jinsi wazee wao walivyoishi. Dola la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki lilikwisha kwa vita vya 1914–1918, lakini kitabu cha Desturi kingali kinasomwa. Mwaka 1981 tafsiri yake ya Kiingereza iliyofanywa na J. W. T. Allen ilitolewa, na safari hii jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari liliwekwa katika anwani yenyewe ya kitabu. Heshima aliyoidai darasani na kuikosa ilimfikia zaidi ya miaka hamsini baada ya kufa kwake.