Mbuzi, Mahari na Miaka ya Gereza: Maneno ya Ubakaji Tangu Zamani mpaka Leo

Hapa Katanika, ikisikika kwamba binti wa watu ameshikwa kwa nguvu, mara nyingi swali la kwanza si kwamba mkosaji atafungwa miaka mingapi. Swali ni hili: "Familia zimekwisha kuonana?" Wako wanaosema kupatana ndiyo desturi yetu, na gereza ni maneno ya wazungu na ya Kinshasa. Wengine, zaidi wamama na vijana waliosoma, wanajibu kwamba adhabu ndogo namna hiyo ni kuwapa wabaya ruhusa. Sisi tunaoandika juu ya desturi tumeona vema tufuate historia ya maneno haya, ili yule anayesema "desturi" ajue anasema nini.

Zamani, katika nchi hii ya pembeni ya ziwa, kwa Watumbwe, Waholoholo, Watabwa na Waluba, kosa kubwa halikuwa la mtu mmoja. Lilikuwa la ukoo. Aliyeharibu binti wa watu aliweka ukoo wake wote katika deni. Wazee walikaa, maneno yakasemwa mbele ya watu, fidia ikatolewa. Hapo kulikuwa na vitu viwili pamoja: mali na haya. Mali ilirudisha amani kati ya koo. Haya ilibaki kwa mkosaji, maana watu walikuwa wamesikia.

Lakini tusijidanganye. Binti mwenyewe hakuulizwa sana. Fidia ilipokelewa na baba au mjomba, na desturi ilichunga amani ya koo kuliko ilivyochunga mwili wa mwanamke. Tena katika karne ya 19, wakati Mtowa ilikuwa bandari ya misafara ya pembe na watumwa wanaovushwa kwenda Ujiji, hata ulinzi ule wa ukoo ulivunjika. Wanawake wengi walichukuliwa na kuuzwa, na hakukuwa na wa kudai fidia.

Wabelgiji wakaja. Kapiteni Jacques alijenga ngome mwaka 1891, na mji uliozaliwa hapo ukaitwa Albertville, ndio Kalemie ya leo. Kwa amri ya tarehe 15 Aprili 1926, serikali ya kikoloni ilitengeneza matribinali ya wenyeji: ndoa, mahari na madeni yaende kwa chifu. Chifu aliweza kutoa adhabu ndogo tu. Makosa makubwa yalikuwa ya hakimu mzungu, na kodi ya makosa ya tarehe 30 Januari 1940 iliweka ubakaji miaka 5 mpaka 20 ya kifungo.

Kwa hiyo zikawa njia mbili. Njia ya karatasi ilikuwa nzito, lakini mbali na kijiji. Njia ya chifu ilikuwa karibu, na pale lugha ilikuwa ya mahari na deni. Familia nyingi zilifuata ya karibu. Ndivyo kosa la mwili lilivyozidi kuhesabiwa kama deni la mali. Amri ya tarehe 10 Julai 1968 ilipanga matribinali ya amani yachukue nafasi ya yale ya desturi, lakini kazi hiyo ilikwenda polepole sana, na baraza la mzee likabaki mlango wa kwanza.

Vita vya 1998 mpaka 2003 ndivyo vilivyobadilisha mazungumzo. Wanawake wengi sana wa mashariki walibakwa, na mashirika ya wamama yakakataa kunyamaza. Tarehe 20 Julai 2006 zilitoka sheria mbili. Miaka 5 mpaka 20 ilibaki, ikaongezwa faini isiyopungua franka 100,000. Mwanamume naye alihesabiwa kuwa anaweza kubakwa. Umri ambao ridhaa ya mtoto haihesabiwi ulitoka miaka 14 ukawa 18. Hukumu itoke ndani ya miezi 3. Kulipa faini parke ili maneno yafungwe kulikatazwa. Na mzazi anayemlazimisha binti yake kuolewa anaweza kufungwa mwaka 1 mpaka 12. Sheria ya watoto ya tarehe 10 Januari 2009 ikaongeza: anayebaka mtoto, miaka 7 mpaka 20.

Basi, kama sheria ni kali hivi, adhabu nyepesi zinatoka wapi? Ziko njia mbili. Ya kwanza ni mapatano ya usiku: mbuzi, franka kidogo, au binti anapewa aliyembaka awe mke wake. Ya pili iko ndani ya tribinali yenyewe. Kodi inampa hakimu ruhusa ya kupunguza kifungo, hata chini ya miaka 5, akiona sababu za huruma: kijana mdogo, kosa la kwanza, baba wa watoto. Na familia zikiwa zimekwisha kupatana, mapatano hayo yanaletwa mbele ya hakimu kuwa sababu nyingine. Mbuzi wa usiku anaingia tribinali mchana.

Majirani zetu wameona pande zote mbili. Huko Baraka, kwenye ziwa letu hili, mwezi wa Februari 2011 tribinali ya kijeshi ilimhukumu luteni kanali Kibibi Mutware miaka 20 kwa ajili ya ubakaji wa Fizi. Lakini kwa Minova, tarehe 5 Mei 2014, kati ya washtakiwa 39 ni 2 tu waliopatikana na hatia ya ubakaji. Watu wakauliza, na wanaendelea kuuliza: ile sheria ya 2006 iliandikwa kwa ajili ya nani?

Tuwasikilize pia wanaopatana, maana si wote ni wabaya. Tribinali inaomba makuta. Fidia inayotamkwa na hakimu mara nyingi hailipwi. Mkosaji anaweza kutoka gerezani akarudi akiwa na hasira. Na watu waliokimbilia Katanika miaka ya 2016 na 2017, wakati wa vita vya Waluba na Watwa, walifika bila shamba wala mbuzi. Baba wa namna hiyo akiona franka mkononi mwa mtu, ni vigumu kukataa. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 inaahidi fidia kwa waliobakwa katika vita, lakini binti aliyebakwa na jirani yake hahesabiwi humo.

Shida hizo ni za kweli, lakini hazifanyi mapatano ya usiku yawe desturi. Mapatano hayo yanachukua nusu ya desturi, yaani mali, na kutupa nusu nyingine, yaani kusema mbele ya watu. Yanachukua pia udhaifu wake wa zamani, wa kumsahau binti. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wazee wetu wana kazi ya kufanya. Kwanza wamwulize binti mwenyewe. Wamsindikize hospitali kabla ya saa 72 kupita, maana dawa ya kuzuia ukimwi inataka haraka, halafu parke. Fidia idaiwe, lakini mbele ya hakimu, na iingie mkononi mwa aliyeumizwa. Na mzee akiitwa kushuhudia mapatano ya usiku, akatae, aseme wazi kwamba mbuzi hafuti hata mwaka mmoja wa kifungo.