Rufaa ya kuacha sigara katika hospitali za Uingereza

Rufaa ya kuacha sigara ni utaratibu wa kumkabidhi mgonjwa anayevuta kwa wataalamu wa kumsaidia kuacha, badala ya kumwonya tu na kumwacha. Dawa zipo na wataalamu wapo. Kazi ngumu ni kuwafanya wahudumu wa wodini watoe rufaa hiyo kila mara.

Chimbuko
Mwaka 1979 Michael Russell na wenzake wa London walionyesha uzito wa neno la daktari. Wavutaji walioshauriwa kwa dakika moja au mbili, wakapewa kijikaratasi na kuarifiwa kwamba watafuatiliwa, waliacha kwa asilimia 5.1 baada ya mwaka. Wale wasioshauriwa, asilimia 0.3. Waraka wa serikali wa 1998, *Smoking Kills*, ulizaa huduma za kuacha sigara chini ya NHS, mfumo wa afya wa umma wa Uingereza. Tangu 2013, huko England, huduma hizo ziko chini ya halmashauri, hivyo mara nyingi mgonjwa hupelekwa nje ya hospitali.

Mazungumzo
Wahudumu hufundishwa hatua tatu za sekunde 30 hivi: kuuliza kama mgonjwa anavuta, kumweleza kwamba dawa pamoja na msaada wa mtaalamu ndiyo njia bora ya kuacha, na kumwandikia rufaa. Hawamhoji anavuta sigara ngapi, wala hawamhubirii.

Vikwazo na dawa yake
Wauguzi na madaktari hutoa sababu zinazofanana: muda hautoshi, mgonjwa atachukia, hawakufundishwa. Mafunzo mafupi hupunguza woga, lakini hayatoshi wodi inapofurika. Kwa hiyo hospitali nyingi zimegeuza utaratibu: kila mvutaji aliyelazwa hupewa rufaa, ila akikataa mwenyewe. Swali la sigara huwekwa kwenye fomu ya kumpokea mgonjwa, na wodi huletewa taarifa za waliofanikiwa kuacha, ili wahudumu waone matunda ya kazi yao.

Mfano mashuhuri ni mradi wa CURE, ulioanza 2018 katika hospitali ya Wythenshawe, Manchester, kwa kufuata mfumo ulioasisiwa Ottawa, Kanada, mwaka 2002. Mgonjwa hupewa nikotini mbadala mapema, kabla arosto haijamsumbua, kisha hutembelewa na mshauri palepale kitandani. Mpango wa NHS wa 2019 uliahidi kwamba ifikapo mwaka wa fedha 2023/24, kila mvutaji atakayelazwa angepewa nafasi ya kutibiwa utegemezi wa tumbaku.

Hoja ya tiba
Daktari asiyevutiwa na kampeni za afya huweza kushawishika kwa hoja ya dawa. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje haraka dawa kama clozapine, ya wagonjwa wa akili. Mvutaji akilazwa na kuacha ghafla, kiwango cha dawa hiyo katika damu hupanda na chaweza kumdhuru. Kujua nani anavuta, basi, ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Baada ya kuruhusiwa
Mapitio ya tafiti yanaonyesha kuwa msaada unaoanzia wodini hufaa pale unapoendelea walau mwezi mmoja baada ya mgonjwa kurudi nyumbani. Ushauri unaoishia hospitalini haujathibitika vivyo hivyo. Ndiyo maana kipimo cha rufaa njema si fomu zilizojazwa, bali idadi ya wagonjwa ambao huduma iliwapigia simu na kuwapata.