Gunia Lisilo na Karatasi Yake

Kodi ya ongezeko la thamani, VAT kama tunavyoizoea, ilianza kutozwa Kenya Januari 1990, ikachukua nafasi ya kodi ya mauzo iliyokuwapo tangu 1973. Mwaka mmoja baadaye, Januari 1991, serikali ya Siad Barre ikaanguka Mogadishu, na forodha ya jirani yetu Somalia ikaanguka nayo. Anayetaka kujua kwa nini wachuuzi wa Garissa, kaskazini-mashariki mwa Kenya, na watoza ushuru hawapikiki chungu kimoja na aanzie kwenye miezi hiyo kumi na miwili. VAT ya bidhaa za nje ni kodi inayohitaji lango: mzigo usimame, uthaminiwe, ulipiwe, kisha upite. Garissa ilipewa kodi hiyo mnamo miaka ileile lango lilipovunjika. Ndiyo maana nashikilia kwamba ugomvi huu wa wachuuzi wa Waberi na Soko Mugdi mjini Garissa haujawa hasa ugomvi wa kiwango cha kodi, kiwe asilimia 16 au zaidi. Umekuwa ugomvi wa karatasi: nani anatakiwa kuitoa, na angeipata wapi.

Tangu mwanzo, dola katika eneo hili ilidhibiti watu kuliko ilivyodhibiti bidhaa. Sheria za kikoloni za 1902 na 1934 ziliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa, ambako mtu aliingia na kutoka kwa kibali. Uhuru ulipokuja ikaja pia hali ya hatari, iliyodumu tangu mwishoni mwa 1963 hadi 1991. Hata leo utamsikia mtu anayevuka daraja la Tana kuelekea Nairobi akisema anakwenda Kenya. Biashara kubwa ya Garissa nayo ilikuwa ng'ombe, wengi wakiswagwa kutoka bonde la Juba upande wa Somalia hadi mnada wa Garissa, kisha wakapakiwa malori ya Nairobi. Mifugo hai haitozwi VAT. Kwa hiyo vizazi vya wafanyabiashara vilikuwa vikivusha mali ya thamani kubwa mpakani bila hati yoyote ya forodha, mchana kweupe, na hakuna aliyewaita wahalifu. Ilipofika miaka ya 1990, sukari, nguo na redio zilizoshushwa bandari ya Kismayo, Somalia, zikafuata njia zilezile, Dhobley, kisha Liboi upande wa Kenya, Garissa, mpaka Eastleigh jijini Nairobi, ambako jumba la kwanza maarufu la maduka liliitwa Garissa Lodge. Njia ilikuwa ya zamani. Kilichobadilika ni mzigo, na sheria iliyoungoja mwisho wa safari.

Sukari ndiyo inayoonyesha vizuri uzito wa sheria hiyo. Tuchukue gunia la kilo 50 lenye thamani ya forodha ya shilingi 4,000, limetoka Brazil. Ushuru wa Afrika Mashariki kwa sukari ya nje ni asilimia 100, kwa hiyo linaongezeka 4,000. VAT haihesabiwi juu ya bei ya kwanza, bali juu ya bei pamoja na ushuru: asilimia 16 ya 8,000, yaani 1,280. Kabla hujataja ada nyingine ndogo ndogo, gunia limefika 9,280. Aliyelipa hayo yote bandarini Mombasa anapewa hati yenye jina lake, meli na uzito wa shehena nzima. Akimuuzia mtu wa Garissa magunia 20, naye akawauzia wenye vibanda wanne matano matano, magunia yanagawanyika, hati haigawanyiki. Mwenye kibanda, ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka, halazimiki kujisajili kwa VAT, na mara nyingi hana hata risiti ya mashine. Gunia lake linaweza kuwa limelipiwa kila senti, na bado likafanana mshono kwa mshono na lililopita Liboi usiku.

Hapo ndipo sheria inapobana. Sheria ya VAT ya 2013 inaitoza bidhaa ya nje kana kwamba kodi hiyo ni ushuru wa forodha, na Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 223, inamtwika anayedai mali iliyokamatwa mzigo wa kuthibitisha kwamba ililipiwa. Wenye nguvu hubeba mzigo huo hadi mahakamani. Kampuni ya Darasa Investments, iliyoleta tani 40,000 za sukari kutoka Brazil kwa meli MV Iron Lady, ilibishana na mamlaka ya mapato, KRA, kuhusu takriban shilingi bilioni 2.5, ikidai shehena ilistahili msamaha wa ushuru uliotangazwa 2017. Ilishinda Mahakama Kuu Mombasa, ikashindwa Mahakama ya Rufaa mwaka 2018. Ilishindwa, lakini ilisikilizwa mara mbili. Mwenye magunia matano, kufungua tu rufaa kwenye jopo la rufaa za kodi kunamgharimu shilingi 20,000, mbali na nauli ya kilomita 370 hadi Nairobi. Anaacha sukari iende. Ndiyo sababu majalada ya mahakama hayatuonyeshi ukubwa wa ugomvi huu. Wengi waliopoteza hawakuwahi kuwa walalamishi.

Kuna atakayesema namtetea mlanguzi. Hoja yake si nyepesi. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameripoti kwa miaka kwamba al-Shabaab hujipatia fedha kwa kuyatoza malori ya sukari, na viwanda vya magharibi mwa Kenya vimelia sana na sukari ya magendo. Nakubali yote mawili. Lakini ripoti ya Journalists for Justice ya Novemba 2015 iliwanyooshea kidole hata maafisa wa jeshi la Kenya kuhusu biashara hiyo ya Kismayo, madai ambayo jeshi liliyakanusha. Vyovyote ukweli ulivyo, faida ya magendo haikai kibandani Waberi. Ipo juu zaidi, na kibanda ndicho rahisi kupekuliwa.

Mwingine atauliza: Mombasa iko wazi, kwa nini wasiingize bidhaa zao huko? Walio na mtaji wa kontena huingiza. Ila ni Kenya yenyewe iliyofunga mpaka wa Somalia Januari 2007, na tangu hapo asiye na mtaji huo hakuachiwa dirisha la kulipia karibu na kwake, hata kama angetaka. Hao wenye kontena nao ndio wanaoumia maradufu: wamelipa ushuru na VAT ya 5,280 kwa kila gunia, wanashindana na lisilolipiwa, na kwenye kizuizi cha darajani wanasimamishwa foleni moja nalo.

Mei 2023 nchi hizo mbili zilitangaza kufungua mipaka kwa awamu, Mandera kwanza, kisha Liboi. Julai mwaka huohuo, baada ya mashambulizi kadhaa, Kenya ikaahirisha. Machi 2024 Somalia ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wengi Garissa wakadhani sukari ya Kismayo sasa itakuwa halali. Sivyo. Nafuu ya ushuru ni ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, si sukari ya Brazil iliyobadilisha bandari tu. Na VAT haijali uanachama: hata mzigo wa Uganda huilipa ukivuka Busia, penye meza, afisa na muhuri.