Upimaji wa Kusoma katika Madarasa ya Mwanzo

Upimaji wa kusoma ni utaratibu wa kumsikiliza mtoto mmojammoja ili ibainike amefika wapi katika kutambua sauti za herufi, kuziunga ziwe silabi, na hatimaye kusoma habari na kuifahamu. Makala hii yahusu Tanzania Bara, hususan Mwanza.

Asili

Katika vyuo vya Kurani mwanafunzi alisoma mbele ya mwalimu wake, wala hakuvushwa sura mpaka makhraji (mahali pa kutamkia) ya herufi yamnyooke. Pwani za Ziwa Viktoria, kisomo kilipata sifa kwanza kwa watu wazima: mradi uliosaidiwa na UNESCO ulianza Mwanza mwaka 1968, na Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa taifa uliowapanga wasomaji katika hatua nne.

Vipimo

Shirika la Uwezo, lililochukua mfano wa upimaji wa ASER wa Uhindi, lilianza mwaka 2010 kuwapima watoto majumbani kwa Kiswahili, Kiingereza na hesabu, hadithi iliyo hatua ya mwisho ya kusoma ikiwa ya kiwango cha darasa la pili. Kipimo cha kusoma cha madarasa ya mwanzo, EGRA, kilichofanywa shuleni mwaka 2013, humpa mtoto dakika moja asome silabi au maneno. Na miongoni mwa maneno hayo yamo ya kubuni yasiyo na maana yoyote, makusudi mtoto aliyehifadhi kitabu kwa moyo asidhaniwe msomaji. Mwaka 2015 mtaala wa KKK ukafanya kusoma, kuandika na kuhesabu kuwa shughuli kuu ya madarasa mawili ya kwanza.

Sauti na lugha ya nyumbani

Kiswahili chaandikwa kama kitamkwavyo, na irabu zake tano hazibadiliki. Basi mtoto aliyekwisha kuzimudu silabi *ba, be, bi, bo, bu* ana ufunguo wa maneno mengi mno. Lakini Kisukuma, kisemwacho katika nyumba nyingi za Mwanza, kina irabu saba, na wasemaji wake huchanganya *r* na *l*, na *dh* huigeuza *z*. Ilhali *ng'*, iwatatizayo watoto wengi kwingineko, kwao ni sauti ya utotoni. Mtoto asomaye “dhahabu” akatamka “zahabu” ameisoma herufi sawasawa, na mwongozo wa EGRA haumhesabii kosa la lafudhi. Mpimaji mwenye haraka, aliyeshika saa mkononi, humhesabia, na hiyo ni dhuluma iliyo dhahiri, kwani hapo kinachopimwa ni ulimi wa nyumbani kwao.

Hali ya sasa

Baraza la Mitihani hupima stadi za KKK katika darasa la pili. Mtaala mpya wa darasa la kwanza ulianza Januari 2024.