Texas Magharibi: Mafuta Chini, Upepo Juu

Texas Magharibi ilitumia upepo kabla haijajua mafuta. Mwishoni mwa karne ya 19 wafugaji na kampuni za reli walisimamisha vinu vya upepo vya kuvuta maji ya visima, ya kunywesha ng'ombe na kujazia magarimoshi.

Tarehe 28 Mei 1923 kisima cha Santa Rita Na. 1, katika kaunti ya Reagan, kikafumuka mafuta baada ya uchimbaji wa karibu miaka miwili. Mwenye mradi, Frank Pickrell, alikuwa amepanda mnara na kumwaga petali za waridi kavu alizokabidhiwa na wanawake Wakatoliki wa New York walionunua hisa za mradi, akakiita kisima jina la mtakatifu wa mambo yasiyowezekana. Ardhi ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Texas, mrabaha ukakineemesha.

Si kila mtu aliyeneemeka. Huko haki ya madini, mafuta yakiwemo, huweza kuuzwa mbali na ardhi yenyewe, na wapo wenye mashamba ambao babu zao walishaiuza. Wao hubakiwa na vumbi la malori. Lakini upepo ni wa mwenye shamba, naye huweza kuikodisha ardhi yake kwa mitambo ya umeme. Kwangu mimi, jambo hilo lilisukuma mabadiliko ya kugeukia umeme wa upepo kuliko hofu yoyote ya tabianchi.

Sheria nayo ilisaidia. Mwaka 1999 gavana George W. Bush, mtu wa mafuta, alitia saini sheria iliyowataka wauza umeme waongeze nishati jadidifu. Kufikia 2009, Roscoe, mji mdogo wa wakulima wa pamba, ulizungukwa na mitambo 627 ya megawati 781.5, mradi mkubwa kuliko wote wa upepo duniani wakati ule. Pamba hulimwa karibu kabisa na miguu ya minara, na malipo ya kukodisha ardhi huingia hata mvua ikigoma.

Shida ilikuwa nyaya: upepo uko magharibi, wateja wako Dallas, Austin na San Antonio. Bunge la jimbo, lenye kusifu soko huria kila siku, likaagiza mwaka 2005 njia za umeme zijengwe hata kabla ya mitambo yenyewe. Zikagharimu takriban dola bilioni 7, zikilipwa na wateja wote.

Mafuta hayajaondoka. Bonde la Permian, ambalo ndilo eneo hilo la mafuta, hutoa zaidi ya mapipa milioni 5 kwa siku, na pampu nyingi huendeshwa kwa umeme wa gridi, ambao sehemu yake hutokana na upepo.